Nusu ya Somo Ilibaki Kibuyuni

Jumatano jioni, Igogo.

Manyunyu tangu alfajiri. Mvua gani hii isiyonyesha ikaeleweka wala kukatika ikaisha! Gauni langu la kazi nililofua juzi bado bichi kwenye kamba ya sebuleni. Nimechoka na nimekasirika, na ukiniuliza nimemkasirikia nani nitakutajia watu wanne upesi upesi, halafu nitanyamaza, kwa sababu wa tano ni mimi.

Naandika sasa hivi kabla giza halijaingia. Mafuta ya taa hayajaonekana duka la ushirika wiki ya pili, na kibatari kilichobaki nimekiweka kwa dharura. Nisipoandika leo nitaanza kujisimulia mambo haya kwa namna inayonipendeza mimi, najijua.

Nianze mwanzo.

Wifi yangu Minza, mdogo wa mume wangu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Anakaa Nyakato na mumewe, ambaye anafanya kazi kiwandani. Ni mimba yake ya pili. Ya kwanza iliharibika mwaka juzi ikiwa na miezi mitano, na tangu hapo Minza anatembea kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa mpaka ukingoni. Hii ya sasa tumeilinda ukoo mzima. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito, huu mwaka wa sita, kwa hiyo tumbo lake nimelipima kila mwezi kwa mikono yangu mwenyewe na nimeliandika kwenye kadi kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista.

Jumamosi alikuja kliniki na homa. Mgongo unauma, viungo vinauma, tumbo limemsumbua kidogo siku mbili tatu. Nilimfunua kope, nikamshika paji la uso, nikasema hata kabla sijakaa: malaria. Nani Mwanza hii hana malaria? Neno lenyewe nimeliandika mara nyingi mpaka kalamu inakwenda peke yake. Nikampa klorokwini, nikamwambia akalale.

"Wifi, mbona sitetemeki kama ninavyotetemekaga siku zote?" akaniuliza.

"Minza, wewe udaktari umesomea wapi?"

Ndivyo nilivyomjibu, na wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na yeye akacheka kwa adabu. Naliandika hili makusudi.

Jumapili mchana mumewe akaja kwangu na baiskeli, shati limemganda mgongoni. Homa imepanda, na mtoto tumboni hachezi kama anavyocheza. Hapo ndipo nilipoacha ujuaji. Tukampeleka hospitali kubwa, wakampa kitanda. Damu ya kidoleni haikuonyesha kijidudu cha malaria hata kimoja. Daktari, kijana mpole, akasema pengine vimejificha, aendelee na klorokwini. Nikamwomba achukue na damu ya mshipani ikaoteshwe maabara, kama kuna kijidudu kingine kiote kionekane. Akanitazama kama mtu anayehesabu chupa alizobakiwa nazo, halafu akaichukua. Katika wiki nzima hii, hilo ndilo jambo moja nililolifanya sawasawa.

Mume wangu yuko safari na lori la pamba, hajui lolote mpaka leo. Nikamtumia salamu mama yake, Sengerema, kupitia mtu wa kivukoni.

Jumatatu saa nne asubuhi Mayu akawa mlangoni kwangu.

Mayu ndilo jina tunalomwita mama mkwe wangu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, na hajawahi kunyamaza kwa jambo analoliona si sawa. Mwaka jana walipohamishiwa kijiji kipya alikwenda na ng'ombe wake na mbuzi wake na malalamiko yake, na vyote bado anavichunga. Alikuwa amevuka na kivuko cha kwanza, kitenge kimeloa, na kichwani kibuyu chake cha maziwa.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi? Nimemletea maziwa yake."

Maziwa yake! Inabidi nieleze. Katika ukoo huu binti akishika mimba, mama yake humletea maziwa ya mgando ya ng'ombe wa kwao mpaka ajifungue. Si maziwa ya kununua, si ya jirani. Yanagandishwa katika kibuyu kimoja hicho hicho, ambacho Mayu alipewa na mama yake siku alipoolewa. Mtu mwingine haruhusiwi kuonja kabla ya mwenye mimba. Na aliyekuwa akimbebea Minza maziwa hayo kutoka Sengerema, kila nilipokwenda kumsalimia Mayu, ni mimi. Mara ya mwisho ilikuwa kama wiki tatu zilizopita. Nilikipakata kibuyu mapajani juu ya kivuko kama nimepakata mtoto.

Nikamuuliza, "Yamechemshwa, Mayu?"

"Si uliniambia nichemshe? Nachemsha. Ng'ombe wangu wananitazama kama mchawi, lakini nachemsha."

Hapo pana historia. Wazee wake waliamini kwamba maziwa yakichemshwa chuchu za ng'ombe hukauka. Miaka miwili nilibishana naye. Akaniita Mhaya mwenye Kizungu kingi, akasema kwetu Bukoba tunapika ndizi mpaka zinasahau kwamba zilikuwa ndizi, sasa tunataka kupika na maziwa. Nikacheka, nikabishana, redio nayo ikanisaidia, hatimaye akakubali. Nilijivuna jamani! Kliniki nimewasimulia kina mama mara sijui ngapi: kama mama mkwe wangu ameweza kuchemsha, nani atashindwa?

Basi, tulipokuwa tunajiandaa kwenda hospitali mvua ikashuka kwa nguvu. Jirani yetu Bwana Mifugo, yule anayezunguka vijijini kuchanja ng'ombe, akakimbilia kibarazani kwetu na baiskeli yake. Akamwamkia Mayu vizuri. Mayu aliposikia kazi yake akasahau mvua na hospitali, akaanza kumshitakia. Ng'ombe wake mwekundu alitupa ndama mwezi juzi, mimba ikiwa imekomaa kabisa. Bahati tu maziwa yalishuka, tena mengi. Kisha wiki iliyopita mbuzi jike akaanza kuzunguka.

"Kuzunguka vipi, mama?"

"Kuzunguka! Anakwenda mduara hivi, mduara hivi, mkono mmoja tu, kama anayetafuta shilingi iliyodondoka. Ni yule jirani mpya. Tangu walipotubananisha nyumba kwa nyumba, ananihesabia mifugo yangu kwa macho."

Bwana Mifugo hakumjibu mambo ya jirani. Aliuliza kama shingo ya mbuzi imepinda upande mmoja. Imepinda. Sikio limelala? Limelala. Mate yanamtoka? Yanamtoka, na amekufa Ijumaa.

Halafu akauliza mgonjwa wetu ana nini. Nikamwambia. Akakitazama kibuyu.

"Maziwa haya yamechemshwa?"

"Yamechemshwa!" tukasema sote wawili, mimi kwa sauti zaidi.

"Baada ya kuchemsha mnayagandishaje?"

Mayu akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima aliyeulizwa maji yanaloweshaje. "Kwa mbegu. Kwani wewe kwenu hunywi maziwa?"

"Na mbegu inatoka wapi, mama?"

"Humo humo ndani. Kibuyu hakimalizwi. Unabakiza kidogo chini, unamimina mengine juu. Ukikikausha umeita njaa."

"Mbegu ikichoka?"

"Unaiamsha. Unatia maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe, yale ya kukamua sasa hivi, kikombe kimoja. Mbegu haiamki kwa maziwa yaliyopikwa, hayo yamekufa."

"Ulitia ya ng'ombe yupi?"

"Mwekundu. Si ndiye mwenye maziwa?"

Bwana Mifugo akaketi juu ya kinu changu kilichoinamishwa kibarazani. Nami nikabaki nimesimama mlangoni.

Akatueleza taratibu, na namshukuru kwa kuwa hakupandisha sauti. Kuna ugonjwa wa mifugo unaitwa listeria. Kijidudu chake kinakaa kwenye udongo, kwenye majani yaliyooza, kwenye kinyesi. Mbuzi kinampanda kichwani mpaka anazunguka, ng'ombe kinamtupisha mimba, kisha kinatoka hata kwenye maziwa na yeye mwenyewe anaonekana mzima. Moto unakiua. Lakini ukali wa maziwa ya mgando usiutegemee kukiua, na baridi ndiyo hakijali kabisa, hata friji la mkubwa hakiliogopi. Watu wazima wenye afya wanaweza kunywa wasisikie kitu, au tumbo likawachezea siku moja. Lakini wazee sana, wagonjwa waliodhoofika, watoto wachanga na wajawazito ndio kinaowatafuta. Tena mjamzito mwenyewe anaweza kupata homa ndogo tu, mkadhani malaria.

"Anayeumia ni aliye tumboni," akasema.

Mayu alikunywa kibuyu hicho hicho, hakuumwa. Mumewe Minza alipakuliwa baada ya mkewe, hakuumwa. Mimi mwenyewe nilipewa kikombe, nikasifia.

Nilimgeukia Mayu nikafoka. Mimi, mbele ya jirani, nikamfokea mama mkwe wangu. "Si nilikwambia uchemshe!" Na yeye, ambaye huwa hakosi jibu, akasema kwa sauti ndogo, "Nilichemsha. Ulisema nichemshe maziwa, nikachemsha maziwa."

Kweli. Ndivyo nilivyosema. Kila Alhamisi nasimama mbele ya mabenchi na kusema, "Kina mama, maziwa!" nao wanaitikia, "Yachemke!" Wanapiga na makofi. Sikumuuliza hata mmoja anayatia kwenye chombo gani baadaye. Kwetu tulichemsha tukanywa na chai, basi mimi nikadhani dunia nzima maziwa yakitoka jikoni yanakwenda kikombeni. Nimekaa kwa Wasukuma miaka yote hii, kibuyu nimekiona kinaning'inia, nimekinusa moshi wake, nimekibeba mapajani. Akili haikunijia.

Mganga hajigangi, wanasema. Loo!

Jumatatu ile tulipofika hospitali daktari alikuwa ameshatoka zamu na damu haijaota, nikaambiwa nirudi asubuhi. Sasa niseme ya jana, maana hayo ndiyo yaliyonipandisha presha.

Saa moja unusu asubuhi niko mlangoni pa maabara. Mpimaji wa zamu ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, mjuzi, lakini amechoka na kazi. Nikamuuliza damu ya Minza imeota nini. Akasema hakuna kitu. Nikamuuliza hakuna kitu au kuna kitu asichokipenda? Akanionyesha daftari lake. Ameandika: uchafu wa ngozi.

"Vijiti vidogo vidogo," akasema. "Vya ngozini. Aliyetoa damu hakusafisha mkono sawasawa. Naona hivi kila wiki, namwaga."

"Umeshamwaga?"

"Namwaga nikimaliza chai."

Chai! Nikamwomba, nikamwita ndugu, nikamwita kaka, nikakaribia kumwita baba. Nikamweleza mbuzi, ng'ombe mwekundu, na kibuyu. Mwanzoni alinicheka, kwamba siku hizi hospitali inaongozwa na mabwana mifugo. Lakini jina la listeria alilijua, alilisoma chuoni, akasema hajawahi kuliona kwa macho. Akatia tone kwenye kioo, akainama kwenye hadubini, na akakaa hapo muda mrefu. Vijiti vya uchafu wa ngozi, alinieleza baadaye, havitembei. Hivi vilikuwa vinapinduka kichwa miguu, kichwa miguu, kama watoto wanaobiringika kwenye mchanga wa ziwani.

"Njoo uone," akasema, na chai yake akaisahau mezani mpaka ikafanya utando.

Daktari naye sina neno baya juu yake. Alisoma karatasi, akaja mwenyewe maabara kuangalia. Akasema hawezi kuapa, lakini kwa mimba hii hasubiri uthibitisho. Akaandika sindano za ampisilini, kila baada ya saa sita, zianze mara moja.

Ampisilini ipo stoo. Stoo imefungwa. Ufunguo anao mtunza stoo. Mtunza stoo yuko mkutanoni.

Nataka niandike sentensi hiyo mara mbili lakini karatasi ni adimu.

Mkutano wa tawi la chama, ukumbi wa pili, kuna mgeni anakuja wiki ijayo, wanapanga nani atafagia wapi na nani ataimba. Wodini Minza amelala ubavu, mkono juu ya tumbo, anahesabu mateke ambayo hayaji. Nikashuka ngazi ninakimbia, miaka thelathini na minne hii, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Nikaingia ukumbini. Mtunza stoo nikamwona mstari wa mbele, funguo zimening'inia kiunoni kama hirizi.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akanitazama.

"Ndugu, tuko ajenda ya tatu. Kama una jambo, subiri Mengineyo."

Mengineyo! Mtanzania yeyote anajua Mengineyo inakuja wakati gani. Inakuja watu wakiwa wamesinzia na jua limeshageuka.

Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, kuna mwananchi ana miezi minane, bado hajazaliwa, na dawa yake iko kiunoni kwa mjumbe wako. Nimwambie asubiri Mengineyo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Mtunza stoo akaanza kunieleza kwamba utaratibu unataka fomu yenye sahihi mbili. Nikamwambia sahihi ya kwanza hii hapa ya daktari, ya pili atie yeye tukiwa njiani. Sijui sura yangu ilikuwaje. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema, "Ndugu, nenda, bwana. Nenda upesi."

Sindano ya kwanza iliingia saa tano na robo. Nilimshika Minza mkono. Akaniuliza kama sasa ninajua ni ugonjwa gani. Nikamwambia najua. Akaniuliza umetoka wapi. Nikamwambia atulie, tutazungumza. Ningeweza kumwambia pale pale, nikaogopa.

Leo alfajiri uchungu ukamshika, na wakunga hawakuweza kuuzuia. Saa kumi na mbili na dakika kadhaa alizaa mtoto wa kike. Mdogo, mwekundu, vipele vidogo mgongoni, anapumua kwa kuvuta kama aliyepanda mlima. Kilio chake hakikufika hata mlangoni. Daktari alikuwa amejiandaa, akamwanzishia mtoto sindano zake hapo hapo, bila kungoja. Amesema siku tatu hizi ndizo zitakazotuambia. Amesema pia kwamba tungeendelea kutibu malaria mpaka leo tusingekuwa na mtoto wa kungojea, au kijidudu kingeshamwingia kichwani. Alisema kwa nia njema. Mimi nilihesabu saa tulizopoteza toka Jumamosi mpaka Jumanne saa tano na robo.

Minza nilimwambia leo. Nilikaa kwenye kitanda chake nikamwambia yote, kibuyu, mbegu, mbuzi, na lile swali la udaktari umesomea wapi. Alisikiliza akitazama kule walikompeleka mtoto. Akasema, "Wifi, na yule wa kwanza?"

Sijui. Nilimwambia sijui, kwa sababu ndiyo kweli. Wakati ule Mayu alikuwa bado hachemshi kabisa, na kadi ya mimba ile ninayo. Sehemu ya sababu imeandikwa malaria, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista. Damu haikupimwa.

Hakunilaumu. Alinigeuzia mgongo, akasema anataka kulala kidogo, nikamfunika.

Mchana huu nimerudi nyumbani na Mayu kubadilisha nguo. Nikamwita aketi. Nikampigia magoti kama nilivyofunzwa kwao nilipoolewa, jambo ambalo, niseme ukweli, nililiacha zamani. Nikamwambia, "Mayu, Jumatatu nilikufokea. Kosa si lako. Nilikufundisha nusu."

Nikamweleza tena vizuri: kuchemsha maziwa, na mbegu nayo itoke kwenye maziwa yaliyochemshwa, na chombo kinachoweza kuoshwa kwa maji ya moto, na yasitiwe ya kukamua juu yake hata tone, hasa kwa mwenye mimba, na mtoto mchanga, na mzee kama yeye. Aliposikia mzee kama yeye akanikata jicho, nikajua bado tuko pamoja.

Nilitegemea atalia, au atataja jirani mwenye macho. Akakaa akichezea ncha ya kitenge. Kisha akauliza:

"Na wale wengine?"

"Wengine gani, Mayu?"

"Wale wanaokupigia makofi. Uliowafundisha nusu."

Miaka sita. Kila Alhamisi mabenchi yanajaa, kutoka Igogo, kutoka Nyakato, wengine wanavuka maji kabisa kuja kunisikiliza kwa sababu wameambiwa muuguzi yule Mhaya anaeleza vizuri. Wamekwenda makwao wakachemsha kwa imani, wakamimina kibuyuni. Nilifungua daftari la kliniki, ambalo huwa naja nalo nyumbani kufanya hesabu za mwezi, kutazama zile mimba zilizoharibika na sababu nilizoandika. Malaria. Malaria. Homa, huenda malaria. Nyingi pengine ni malaria kweli, ndiyo maana hata kujitesa sijui nijitese kwa ipi. Nikahesabu mpaka ukurasa wa tatu nikaacha.

Nilipoinua macho Mayu hakuwepo. Nikamkuta uani, kwenye manyunyu. Alikuwa amekiinamisha kibuyu juu ya shimo la taka na maziwa yanatoka kwa mafundo, gulu, gulu, meupe mazito. Alingoja mpaka yakakoma. Akakitikisa. Akaingiza kijiti akakwangua chini, ile mbegu iliyobaki tangu kwa mama yake, akaimwaga nayo.

Nikamwambia hakuna haja ya kukivunja, kiwekwe tu ukumbusho. Akasema nani amesema anakivunja? Kesho si Alhamisi? Anakuja nacho kliniki. Atakaa nacho mbele pale, wakikiona kitupu wataniuliza kwa nini, maana hakuna mwanamke wa Kisukuma atakayeona kibuyu cha watu kimekauka akanyamaza.

"Wakishauliza," akasema, "hapo ndipo uwafundishe. Hizo nyimbo zako za yachemke, yachemke, ndizo zilizonilaza."

Amekwenda hospitali sasa kukaa na mjukuu, na mimi namfuata nikimaliza mstari huu. Mtoto alikuwa bado anapumua saa nane nilipoondoka. Kibuyu kiko hapa mbele yangu, kwenye msumari, kinywa chini, na bado kinadondosha.